Mtoto Mbele ya Kaunta: Kweli na Uongo Kuhusu Anachoweza Kuuziwa

Katika maduka ya Ekerenyo, mtoto ndiye mteja wa kila saa. Asubuhi ametumwa maziwa na mkate, mchana chumvi, jioni kiberiti na mafuta ya taa, na mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, sigara ya babu. Kichwa chake hakifiki juu ya kaunta. Mwenye duka huona tu mkono uliopenyezwa kwenye tundu la wavu wa chuma, sarafu imeloa jasho, na husikia sauti inayotaja vitu kwa haraka ili visisahaulike njiani.

Ekerenyo ndiyo makao ya kaunti ndogo ya Nyamira Kaskazini. Ofisi za serikali ziko hapo hapo, na mikutano ya chifu haikosi. Hata hivyo, ukiuliza sheria inasema nini kuhusu mkono ule kwenye wavu, utapewa majibu mengi kwa uhakika mkubwa, na mengi kati yake si sahihi. Wapo wanaoogopa kumkatalia mtoto kwa kudhani wanavunja haki yake, na wapo wanaomuuzia kila kitu kwa kudhani wanalindwa na neno moja, “nimetumwa”. Haya hapa ndiyo madai yanayosikika zaidi.

“Mwenye pesa hakataliwi.”

Si kweli. Kupanga bidhaa kwenye rafu na kuziandikia bei hakumfungi muuzaji. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, imerithi kanuni za mikataba za Uingereza, na huko suala hili liliamuliwa mwaka 1953 katika kesi iliyohusu duka la dawa la Boots mtaani Edgware, London. Mahakama ya Rufaa ilisema bidhaa iliyo kwenye rafu ni mwaliko tu. Anayetoa ombi la kununua ni mteja, na muuzaji anaweza kulikubali ombi hilo au kulikataa. Kabla pesa hazijapokelewa na mauzo kukubaliwa, hakuna mkataba. Kwa hiyo mama mwenye kioski akisema “hii sikuuzii”, hajavunja mkataba wowote, awe anaongea na mtoto wa miaka minane au na mzee wa miaka themanini.

Lakini haki hiyo ina mpaka, na Wakenya wengi hawaujui. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinapiga marufuku ubaguzi, na katika orodha yake ya misingi ya ubaguzi umo umri, pamoja na kabila, dini, ulemavu, hali ya afya na hata mavazi. Aidha, katazo hilo halihusu serikali peke yake. Kifungu kidogo cha tano kinasema mtu yeyote asimbague mwenzake kwa misingi hiyo hiyo, na kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inamfunga kila mtu. Mwenye duka ni mtu. Akimnyima mtoto mkate kwa sababu tu ni mtoto, bila sababu nyingine, amejiweka pabaya. Akimnyima kitu cha hatari, anasimama pazuri, kwa sababu Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Kinachopimwa ni sababu ya kukataa. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni cha haki, na si kigumu: ukiweza kumweleza mzazi wake sababu yako ana kwa ana bila kuona aibu, huenda ni sababu nzuri.

“Mtoto hawezi kununua kitu kisheria, na deni lake si deni.”

Nusu kweli, na nusu hii imewatia watu hasara. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 4, inasema mtoto akiuziwa na kukabidhiwa mahitaji ya lazima, anapaswa kuyalipia bei ya haki. Mahitaji ya lazima yanaelezwa kuwa ni vitu vinavyolingana na hali yake ya maisha na anavyovihitaji kweli wakati huo. Unga ni hitaji. Daftari la shule ni hitaji, na viatu pia kwa mtoto asiye na viatu. Soda kumi na mbili na biskuti zilizoandikwa kwenye kitabu cha madeni ndani ya mwezi mmoja si mahitaji, na mahakama haitamlazimisha mtoto azilipe.

Je, baba yake? Hapa ndipo ugomvi wa vijijini huanzia. Mwenye duka hufungua lile daftari lenye jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi, na kumwonyesha mzazi mstari baada ya mstari. Mzazi huapa kwamba hajui lolote. Kisheria, jibu linategemea nani alimtuma. Kama mama ndiye aliyemtuma mtoto achukue sukari na kusema “andika”, deni ni la mama, maana mtoto alikuwa mjumbe wake. Kama kwa miezi mingi mama amekuwa akilipa bila kunung'unika kila kinachochukuliwa na mtoto yule, mwenye duka ana haki ya kuamini kwamba utaratibu ndio huo hadi aambiwe vinginevyo. Lakini kama mtoto amejianzishia deni lake kwa siri, uzazi peke yake haumfanyi mzazi kuwa mdeni. Ujumbe mfupi wa simu kwa mama kabla ya kuandika mstari wa kwanza ungeondoa nusu ya kesi hizi mbele ya wazee wa kijiji.

“Akiwa ametumwa na mzazi, hakuna kosa.”

Si kweli kabisa, na hapa ndipo ningependa kila mwenye duka na kila mzazi wa Ekerenyo, Ikonge, Magwagwa na Itibo asome pole pole.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya waliibatiza Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inakataza kumuuzia au kumpatia kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 150,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Katazo liko juu ya mkono unaopokea chupa. Halijali kinywa kitakachoinywa baadaye. Mtoto akipokea, muuzaji ameuza kwa mtoto, hata kama pesa ni za babu na chupa itafunguliwa na babu.

Sheria haikuishia hapo. Inakataza pia mtu kumtuma kwa makusudi mtoto aliye chini ya miaka 18 aende mahali pombe inapouzwa au inapogawiwa ili kuichukua. Kwa maneno mengine, yule mzee aliyeketi chini ya mwembe na kusema “kimbia unichukulie moja ndogo” ametenda kosa mara tu mtoto alipoondoka, kabla hata chupa haijafika. Wapo wazee wenye heshima zao ambao wamefanya hivi maisha yao yote na hawajawahi kudhani wanavunja sheria.

Ugumu wa jambo hili ni wa kijamii zaidi ya kuwa wa kisheria, na sitaki kuupuuza. Kwa Wagusii, kama ilivyo kwa majirani zetu, mtoto hutumwa na mtu mzima yeyote, na mtoto anayekataa kutumwa anaonekana amekosa malezi. Mwenye duka anayemrudisha mtoto mikono mitupu anamrudisha mzee mwenyewe, tena mbele ya watu. Kesho mzee huyo ndiye atakayekaa kwenye kamati ya maji, au ndiye baba mkwe wa ndugu yake. Msimu wa bonasi ya majani chai, karibu na Oktoba, pesa zinapoingia mifukoni na kutumwa kunapozidi, “hapana” moja inaweza kugharimu urafiki wa miaka. Ninawaelewa wanaoona ni rahisi kumpa mtoto chupa iliyofungwa kwenye gazeti na kuangalia pembeni.

Ila wasichotaka kukiona ni hiki: mtoto anayebeba chupa kila jioni anajifunza inauzwa wapi, bei gani, na kwamba hakuna anayeuliza. Siku atakapoitaka yake mwenyewe, maneno ya kumwambia muuzaji anayajua tayari. Na muuzaji hatakuwa na namna ya kujua leo ametumwa na nani.

Mwenye duka ana njia ya kukataa bila kumvunjia mzee heshima. Atume salamu pamoja na mtoto: “Mwambie babu nimemsalimu sana, na nitamwekea, ila sheria inanikataza kukupa wewe.” Mzee atakuja mwenyewe, au atamtuma mtu mzima. Lawama inabaki kwa sheria, na ndiyo kazi mojawapo ya sheria, kumpa mtu mnyonge mahali pa kuegemea.

“Mimi nina duka la kawaida, sheria ya pombe ni ya mabaa.”

Si kweli. Duka la kawaida lisilo na leseni ya vileo haliruhusiwi kumuuzia pombe mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Chupa iliyofichwa nyuma ya katoni za sabuni ni kosa hata ikinunuliwa na mwalimu mkuu. Chang'aa nayo, ambayo sheria ya 2010 iliitoa kwenye marufuku ya zamani, ilihalalishwa kwa masharti ya viwango, ufungaji na leseni. Ile inayopimwa kwa kikombe jikoni kwa mtu haijawahi kuhalalishwa. Na aliye na leseni naye ana lake: sharti abandike ilani inayoeleza umma kwamba ni marufuku kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na mahali pake pasiwe chini ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi au ya sekondari. Mita 300 katika soko dogo ni karibu soko zima. Wazazi wanaolalamika kuhusu baa iliyo mkabala na lango la shule wana hoja ya kisheria mkononi, na waipeleke kwa kamati ya leseni ya kaunti kabla leseni haijahuishwa.

“Sikujua umri wake.”

Wakati mwingine ni kweli, na sheria inalizingatia hilo. Muuzaji wa pombe aliyeshtakiwa anaweza kujitetea kwamba aliomba kuonyeshwa hati, akaonyeshwa, na alikuwa na sababu nzuri ya kuiamini. Hati zenyewe ni kitambulisho cha taifa, pasipoti au cheti cha kuzaliwa. Kwa kuwa kitambulisho hutolewa kwa waliofikisha miaka 18 tu, swali “kitambulisho kiko wapi?” ndilo ngao ya muuzaji, na inafaa aliulize hata kama mteja ana ndevu.

Utetezi huo ungefaa zaidi Nairobi, ambako muuzaji hamjui mteja. Ekerenyo mwenye duka anajua mtoto yuko darasa la ngapi, alizaliwa mwaka upi, na ni nani aliyemshika mkono siku ya ubatizo. Muuzaji wa kijijini atapata shida sana kumshawishi hakimu kwamba hakujua.

“Sigara moja si kitu.”

Si kweli, mara mbili. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo hiyo inataka sigara ziuzwe kwenye pakiti yenye angalau sigara 10. Kuuza moja moja, na kiberiti cha gesi kikining'inia kwa uzi dirishani, ni kosa kwa mteja wa umri wowote. Najua ndivyo zinavyouzwa kila mahali nchini. Hilo halibadilishi sheria, na ni bei ya sigara moja, sarafu chache, ndiyo inayoiweka karibu na mfuko wa mwanafunzi.

Kuna jambo jipya zaidi. Vile vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, visivyotoa moshi wala harufu, vimeingia shuleni kwa sababu mwalimu havioni. Vilipoanza kuuzwa nchini vilisajiliwa kama bidhaa ya dawa, na mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipinga usajili huo akisema vinapaswa kusimamiwa na sheria ya tumbaku. Muuzaji anayedhani kwamba kisichowashwa moto si tumbaku asimpe mtoto kwa dhana hiyo. Sheria ya 2007 inahesabu pia bidhaa zinazotengenezwa kwa kilichokamuliwa kutoka kwenye jani la tumbaku.

“Siku hizi umri wa kunywa ni 21.”

Si kweli. Uvumi huu ulianza Julai 2025, wakati NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, ilipozindua sera mpya ya taifa. Sera hiyo ilipendekeza umri upandishwe kutoka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe tena mtandaoni wala katika maduka makuu. Redio zikatangaza, watu wakaamka wakiamini sheria imebadilika usiku. Sera ni mpango wa serikali. Sheria hubadilishwa na Bunge, na kilichoandikwa katika sheria ya 2010 ni miaka 18. Hata hivyo, tukirudi kwenye dai la kwanza, mwenye baa anayeamua kwa hiari yake kutomuuzia kijana wa miaka 19 haivunji sheria ya vileo. Anayetaka kumshtaki itabidi aende kwenye kifungu cha 27 na kuonyesha kwamba amebaguliwa bila sababu ya maana.

“Mwanafunzi aliyevaa sare haruhusiwi kuuziwa chochote saa za masomo.”

Si kweli kama sheria ya nchi. Sheria hizi zinahesabu miaka, hazihesabu sare. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuwa na miaka 19, na kijana aliyeacha shule akavaa koti la boda boda anaweza kuwa na 15. Wa pili ndiye anayelindwa na sheria, ingawa macho yetu hukimbilia wa kwanza. Chifu anaweza kuwaomba wenye maduka wasiwape wanafunzi nafasi ya kuzurura sokoni saa nne asubuhi, na ni ombi zuri, lakini msichana aliyetoroka darasani dakika tano kununua sodo asirudishwe mikono mitupu kwa sababu ya sketi yake. Mavazi, kama tulivyoona, yamo kwenye orodha ya kifungu cha 27.

“Mashine ya kamari iko dukani kwangu lakini si yangu, kwa hiyo watoto wakicheza si kosa langu.”

Si kweli. Zile mashine za rangi zinazomeza sarafu, ambazo watu huziita bonanza, zilienea hadi vituo vidogo vya vijijini na mara nyingi wachezaji wake walikuwa watoto waliotumwa sukari. Mwaka 2018 serikali iliendesha msako mkali dhidi yake chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira. Sheria ya kamari ya 1966 haikuruhusu kucheza na walio chini ya miaka 18, na sheria mpya ya 2025 inashika umri ule ule. Aliyekubali mashine ikae dukani kwake na kugawana mapato na mwenyewe, yumo.

Kuhusu laini za simu, kwa ufupi tu: mtoto hasajiliwi laini kwa jina lake peke yake. Mzazi au mlezi ndiye husajili kwa kitambulisho chake. Wakala anayemkatalia anafanya kazi yake.

“Kama sheria haitaji kitu, sina budi kumuuzia mtoto.”

Si kweli, na hili ni dai la mwisho kwa sababu linagusa vitu ambavyo sheria za umri nilizozitaja hazivihusu: petroli kwenye chupa, sumu ya panya, dawa ya kuogeshea ng'ombe, kisu kirefu. Hapa hakuna ilani ya umri ya kuegemea. Kuna haki ya kawaida ya muuzaji kusema hapana, na kuna kifungu cha 53 nyuma yake.

Mfikirie muuzaji wa petroli anayepimia kwa chupa ya lita moja kando ya barabara. Tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliungua hadi kufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, baada ya petroli kumwagwa na kuwashwa. Juni 2016 moto uliteketeza mabweni ya Itierio, kaunti ya Kisii, mwaka ambao shule nyingi nchini zilichomwa na wanafunzi wake. Mtoto anayekuja na chupa tupu akiwa peke yake jioni ya muhula wa pili, hana pikipiki wala jenereta nyumbani kwao, anaweza kukataliwa bila muuzaji kutoa maelezo marefu. Anaweza kuulizwa ni ya nini. Anaweza kuambiwa arudi na mtu mzima. Kama jibu lake linatia wasiwasi, muuzaji ana namba ya mwalimu au ya chifu, na mbali na hao ipo 116, laini ya bure ya watoto, na 1192 ya NACADA kwa mambo ya vileo na dawa za kulevya.